Kazi Katikati

Jina langu Mwanamvua, nafundisha jua.
Cheka. Kila darasa jipya hucheka,
kisha tunafungua masanduku.

Karakana iko Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
ghala lililokuwa la mkonge.
Ukifagia pembeni bado unaokota nyuzi,
ngumu, rangi ya ndevu za mahindi.
Mimi huzihifadhi. Uzi hautupwi.

Mwaka ule walikuja wawili kutoka ng'ambo ya Ziwa,
Nabintu wa bondeni, Wabiwa wa mlimani.
Kijito kimoja kinapita kwao wote,
mmoja hukinywa kabla, mwingine baada,
na katikati ya kabla na baada
zilichomwa nyumba arobaini na moja.
Hayo sikuambiwa siku ya kwanza. Niliyaona
katika namna walivyochagua viti.

Waja leo waondoka leo, ndivyo tusemavyo Tanga.
Hawa walikaa miezi sita
wakigawana bisibisi moja bila kugusana vidole:
huyu anaiweka mezani,
yule anangoja kwanza ipoe, ndipo aiokote.

Siku ya nyaya niliwawekea betri.
Mwekundu chanya, mweusi hasi.
Nikasema, mkizikutanisha hizi, zenyewe kwa zenyewe...
Mkono ukautangulia mdomo. Cheche ikaruka, pa!
Nabintu akawa chini ya meza,
mikono kisogoni, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.
Wabiwa alikuwa huko chini tayari.

Sikuwainua.
Nilimenya machungwa ya Muheza, mawili,
nikayapitisha huko huko chini,
nikasikia wakitema kokwa.
Walipotoka nikaimalizia sentensi yangu:
nyaya hizi hazipatanishwi kwa kukumbatiana.
Hiyo ni shoti, huunguza nyumba.
Weka kazi katikati.
Taa, pampu, jokofu la chanjo,
kitu chenye njaa ya zote mbili.
Hapo umeme utapita, wala haungui mtu.

Jioni ile Wabiwa alinisimulia dizeli.
Kwao pipa husafiri siku nne, vizuizi saba,
na kila kizuizi huchota lita zake,
na kila lita iliyochotwa hurudi usiku
ikiwa imevaa buti.
Likifika zahanati, pipa limebaki mlio.
"Na jua," akauliza, "hulipia kizuizi gani?"
Sikumjibu. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika,
Ngamiani nzima giza,
na muuza mihogo alikwisha hamishia jiko lake
mlangoni petu, chini ya balbu yetu,
anahesabu chenji bila kuomba ruhusa.

Sitasema uongo, jua nalo huibiwa.
Waliondoka na paneli nane juu ya basi la Kigoma.
Ujumbe wa kwanza: betri mbili zimekwenda usiku.
Wa pili: ugomvi, nani apande juu kupangusa vumbi,
wa bondeni wanasema vumbi ni la mlimani.
Wa tatu haukuja.
Mfungo mzima nilifuturu huku nimeikodolea simu.

Ulipofika, ilikuwa picha ya daftari la zamu
limening'inizwa kwenye mlango wa jokofu
kwa uzi wa mkonge. Uzi wangu; sijui waliuchukua lini.
Jumatatu Nabintu, Jumanne Wabiwa,
Jumatano jina nisilolijua, herufi kubwa za mtu anayejifunza.
Ndani, vichupa vya chanjo,
vya bonde na vya mlima, rafu moja,
baridi moja.

Na sauti ya Nabintu, kavu kama kawaida yake:
"Fundi, bado hatusalimiani.
Ila jana alichelewa, mtoto wake ana homa.
Nikapanda mimi, nikapangusa paneli zote nane,
nikaandika jina lake."