Kufunga, Kufungua

Desemba ilinikuta Leicester, sindano mdomoni.
Pindo hamsini na mbili, zipu kumi na tisa,
na suti nyekundu ya Baba Krismasi
iliyochanika kwapani kwa kunyanyua watoto wa watu
wapigwe picha.
"Kesho, Bi Zuwena?"
"Kesho."
Neno hilo niliwagawia kama peremende,
kila aliyeingia na baridi yake.

Halina, msaidizi wangu, aliomba likizo tangu Agosti.
Aliiandika kwenye kalenda kwa wino mwekundu, akaipigia mstari.
Mimi mwenye duka sikuwa na wa kumwomba.
Nilijiomba mara moja, kwenye ngazi,
nikajikatalia.

Si kwamba nalalamika. Duka ni langu,
na umeme wake unaopanda bila kupiga hodi ni wangu.
Zamani, kiwandani kwa watu,
kengele ikilia tulikaa.
Siku hizi kengele iko mlangoni kwangu,
ikilia nasimama.

Krismasi si yangu, nilisema, basi nitashona.
Idi ni yangu, lakini ina wateja.
Ramadhani nzima nilifunga, duka sikulifunga.
Mwezi ulipoandama nikafungua,
na asubuhi yake, kanzu mpya chini ya koti la kazi,
nikafungua tena: duka.
Raihana aliniletea pilau kwenye kopo la aiskrimu.
Niliila nimesimama, nimeipa mashine mgongo,
punje isije ikadondokea hariri ya mtu.
Mwanangu alingoja kidogo. Akatazama saa.
"Idi njema, Mama," akauambia mgongo wangu.

Tarehe ishirini na tano mabasi hayakuwepo.
Nilikwenda kwa miguu.
Hata yule kinyozi Mkurdi asiyejua kulala
alikuwa ameteremsha shata.
Niliwasha hita, nikawasha taa ya mashine,
nikakaa. Si kwenye stuli yangu, sijui kwa nini.
Nilikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kijani,
nilichokinunua pauni thelathini miaka kumi na moja iliyopita
na sikuwahi kujua
kuwa ni kizuri.

Ukiwa pale duka ni jingine.
Unaiona dari, ina doa lenye umbo la pasi.
Unaiona stuli ya fundi, ilivyo fupi,
na taa ya fundi, ilivyoinamishwa,
unamhurumia huyo fundi, yeyote awaye.

Usingizi ulinichukua bila kunipima.

Niliamshwa na mlango.
Nyuma ya ukungu wa kioo niliona wekundu,
na mkono umeshika kwapa.
Suti niliijua. Kwapa la kulia nililishona mwenyewe, mshono mara mbili.
Hili lilikuwa la kushoto,
ambalo sikuliangalia.
Moyo ulisimama kabla ya miguu.
Miguu ikagoma.
Aligonga tena, kwa adabu,
kisha akainama kukisoma kibao
ambacho tangu jana nilisahau kukigeuza,
na ambacho, kwa mara ya kwanza, kilisema kweli:
TUMEFUNGA.
Akaenda zake, mkono kwapani,
kwa watoto ambao hawangeangalia kwapa.

Sikulala tena. Sikuinuka pia.
Shavuni nilikuwa na matuta ya kitambaa cha kiti,
nikayapapasa kwa kidole, moja moja,
kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine.
Halafu nikapiga simu.

"Uko wapi, Mama?"
"Dukani."
Kimya. Kimya hicho nakijua tangu Idi.
"Nimefunga," nikasema.
"Umefunga? Ramadhani bado miezi miwili."
"Nimefunga duka, Raihana. Niko kwenye kiti cha kijani.
Njoo na pilau.
Na uje na sahani. Mbili.
Hilo kopo liache huko huko."