Daftari la Jumapili

Umeniuliza, Lushinge, kama zamani walikuwepo.
Ngoja nishushe sanduku.
Usiegemee kabati, mguu mmoja ni tofali.

Hili hapa. Kurasa tisini na sita,
jalada limekunywa mafuta ya dagaa
tangu usiku ule tulipolizika guniani kule Mwaloni
na Tereza akalikalia, anachambua,
mgambo wanamuuliza ile nyumba ya Igogo
mbona Jumapili ina wageni wengi.
"Nunueni dagaa," akasema, "au wapisheni wateja."

Juu nimeandika: Chama cha Kufa na Kuzikana, Wapangaji wa Igogo.
Hakuna uongo hapo.
Tulikuwa wapangaji. Tulikufa. Tulizikana.

Miaka hiyo kiwanda cha nguo kilikuwa na zamu tatu.
King'ora kikilia, mlima mzima wa mawe unaamka.
Sisi wa usiku tunatoka alfajiri na mvi za pamba,
vijana wa miaka ishirini,
wazee mpaka tufike bombani.
Bukelebe alinipangusa nyusi
kwa kidole gumba chenye mate.
Hiyo ndiyo barua yake. Hakuniandikia nyingine.

Sogea dirishani, wino umefifia.
"Magesa, mia mbili, dawa." Usidhani malaria.
Kaka zake walimpiga kwa kasia kule Nansio,
akavuka na meli ya asubuhi, jicho limeziba,
mkononi kuku, eti zawadi yetu.
Na hapa: "Gauni la kijani." Usicheke.
Ngolo alilivaa mara mbili kwa mwaka,
milango imefungwa, redio imepandishwa,
akatumiminia chai kama mke wa mkurugenzi.
Jumatatu yuko kwenye boila, masizi hadi kooni.

Jina hatukuwa nalo.
Lile mnalorushiwa leo mtaani kama jiwe,
mama yangu na jirani yake Mmanyema
waliitana nalo uani mchana kutwa:
shoga, niazime ungo,
shoga, niangalizie chungu, nimechelewa.
Sijui nani alilichukua pale uani
akaenda kulinoa.

Ukurasa wa hamsini na tatu mtupu.
Kiwanda kilifungwa. Nusu yetu walirudi kwao kuoa.
Bukelebe alikwenda Magu.
Jina lake nililipigia mstari kwa rula,
mkono usije ukatetemeka.

Kisha samaki wakaleta kazi, na daftari likaanza tena,
mwandiko mwingine, ni wa Minza.
"Kitanda futi tano, mkopo, mimi na Nyamizi."
Wote wawili minofuni, mabuti meupe,
vidole vimekunjamana kwa klorini.
Mwenye nyumba aliambiwa ni mtu na wifi yake.
Wakaishi hivyo miaka kumi na saba
wakigombana juu ya chumvi.

Magesa alikufa mwezi wa nne.
Kwao walisema hawana mtoto wa jina hilo.
Tuliuza gauni, tukauza redio,
tukasimama watu sita kwenye tope.
Mchungaji akafunga kitabu kwa kidole, akatuangalia:
"Nyie ni nani wake?"
Kimya. Mvua inapiga jeneza.
Tereza akasema, "Wapangaji wenzake."
Na mchungaji, Mungu ampe pumziko, akaandika hivyohivyo.

Unalia nini sasa? Utalowesha karatasi.

Nyeupe zimebaki kumi na moja.
Wenzako wa pale gereji, na yule binti wa mabondo,
waambie kiingilio ni elfu mbili,
Jumapili baada ya ibada, waje mmoja mmoja.
Andika kiasi, andika cha nini.
Majina, herufi ya kwanza yatosha, mpaka hali ibadilike.

Na geuza nyuma kabisa, chini ya doa:
Tereza anakidai chama elfu nne
tangu mwaka ule Mirongo ulipofurika.
Yu hai, Kirumba, macho ndiyo hayaoni.
Mpelekee leo.
Akikuuliza umetumwa na nani, mwambie wapangaji.