Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu pale Saburtalo, Tbilisi, haikupandishi bure.
Kisanduku cha chuma ukutani, mdomo mwembamba:
tia tetri ishirini, isikie ikianguka,
ndipo kamba zigutuke zikuvute hadi ghorofa ya tisa.
Kushuka hulipi.

Tulipokuwa wanafunzi, watatu katika vyumba viwili,
tuliweka kopo la sarafu nyuma ya mlango.
Aliyepungukiwa alichota. Aliyepata alirudisha.
Hakuna aliyehesabu.

Tamta sasa hupasua vifua vya watoto wachanga,
mioyo isiyozidi yai la kwale.
Huja mezani ananukia sabuni ya hospitali,
na kabla mkate haujapoa simu imelia, ameondoka,
koti limeingia mkono mmoja.

Nutsa huchora madaraja. Kila mto kwake ni ubishi.
Alimwambia Otar, mtengeneza fidla,
"Nipe miezi minane Rotterdam."
Otar hakugomba. Alifuta vikombe vilivyokwisha kufutwa.
"Daraja lina kingo mbili, Nutsa.
Mimi ndiye ile unayoiacha."

Nami huhariri vitabu vya wenzangu,
changu kimo ndani ya droo inayokwama,
sura ya nne, mwaka wa sita.
Mpenzi wangu alihama na paka.
Niliyemlilia kwa sauti ni paka.

Siku baba yake Tamta alipozikwa Kutaisi
Nutsa alikuwa kwenye zabuni,
mimi nilikuwa na mchapishaji, mkutano wa nusu saa.
Tulituma maua.
Maua!
Tamta hakusema neno. Wiki iliyofuata ilikuja bahasha,
ndani ufunguo wake wa nyumba
na sarafu hamsini na mbili.
Nikajua tumefika mahali pa kuhesabiana.

Februari mwenye nyumba akauza.
Tukaja kuchukua vilivyo vyetu, saa ileile, bila kupanga,
tukasimama mbele ya lifti kama wageni wa mgonjwa mmoja
wasiojuana.
Hakuna aliyekuwa na sarafu.
Nutsa akaipata moja kwenye bitana ya koti, imepenya tundu.
Ikaanguka. Tukapanda.
Kati ya sita na saba, taa ikazima.

"Haitaanguka," Nutsa akaanza, "breki zake zina..."
"Nyamaza!" tukasema kwa pamoja, Tamta na mimi,
kisha kicheko, kisha kile kicheko cha Tamta
kikageuka katikati ya njia.

"Watatu mwezi huu," alisema gizani.
"Nawashona, nawapoteza, nanawa.
Nikirudi, sina wa kumwambia leo nimeshindwa."

Nutsa: "Rotterdam nimekubali. Otar hajui.
Sihofii kwamba atanizuia.
Nahofia atasema, nenda."

Mimi: "Tangu yale maua sijaandika hata mstari."

Hatukuombana radhi vile inavyopaswa.
Ila Tamta alinishika kifundo cha mkono, kwa mazoea ya kazi,
akatulia kidogo, midomo ikicheza.
"Tisini na nne. Na ulisema huogopi, mwongo wewe."
Hesabu hiyo niliipokea.

Fundi alikuja baada ya saa moja na ushei,
akatutoa kwa kututeremsha kwa kwapa, mmoja mmoja,
akinung'unika juu ya uzito wa wanawake wenye mabuti.
Ghorofa zilizobaki tulipanda kwa miguu.

Nutsa amekwenda. Otar alisema nenda, kweli,
kisha akalala siku mbili.
Jumapili moja alikuja kunitengenezea droo,
hakuuliza lolote; mlangoni, akivaa kofia, akauliza nauli.

Kopo liko kwangu. Jengo hili lifti yake haidai kitu.
Saa tisa usiku simu hulia:
"Huyu amepumua mwenyewe," husema Tamta,
na baada ya hapo kimya.
Sikati. Nakisikiliza hicho kimya hadi chini,
kama mtu aliyetia sarafu
akingoja kusikia imeanguka.