Sentimita Mbili

Hapa Quemchi upepo wa kaskazini haubishi hodi.
Unaingia na mvua yake kwapani,
unakaa siku tisa, unamaliza kuni zetu,
na ukiondoka huacha jambo.
Safari hii uliacha kipande cha ubao
kwenye tuta la viazi,
chekundu upande mmoja, upande wa pili
laini kama mkate uliotoswa chai.

Nikatazama juu.
Fishabodi yote ya upenu, toka kona ya jiko
hadi kona inayotazama kanisa,
imebambuka rangi, magamba magamba,
na misumari imetoa vichwa
kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani.

Nolberto, mtoto wa mdogo wangu, alikuja Jumamosi
na msokoto wa bati jembamba, jeupe, begani.
"Mama mkubwa, tusibandue kitu.
Tunakunja bati hivi, tunauvika ubao,
misumari michache, na jioni nyumba ni bibi harusi."

Nikamwambia: mwanangu,
funika kombe mwanaharamu apite
ni shauri jema, mwanaharamu akiwa na safari.
Wetu ni mvua.
Wetu hapiti.

Nikachukua sindano ya kufumia, namba tano,
nikapanda ngazi mwenyewe, miaka sabini na mmoja
na magoti yake,
nikaudunga ubao kila shubiri.
Mzima. Mzima. Umepasuka, lakini mzima.
Saipresi ya zamani, ya kabla ya viwanda vya samaki,
huirudisha sindano kama mtu anayekataa mkopo.

Kisha, juu ya dirisha la chumbani,
sindano ikazama kimya hadi vidoleni.
Hapo tu. Mita tatu na kitu.
Miaka yote lile doa la darini,
lenye umbo la kondoo asiye na kichwa,
nililolikodolea macho usiku
nikimlaumu Mungu, na mlizamu,
na Barrientos aliyetuezekea
(sijamsalimu tangu mazishi ya mkewe),
lilikuwa linanywea hapo.

Nolberto akatia mtaimbo.
Ubao ukatoka kwa sauti ya buti likichomolewa topeni.
Mgongoni, upande usiowahi kuona jua,
mwandiko wa Eladio, penseli bapa ya seremala:
3.42
na chini yake, herufi ndogo za mtu
aliyegundua yuko peke yake juu ya ngazi:
fupi. sentimita mbili.

Na penye pengo, sufu ya kondoo wetu.
Aliisokota, akaisindilia ndani,
akapaka rangi nyekundu, akashuka,
akanywa supu yangu,
akafa miaka ishirini na sita baadaye
bila kulitaja.
Yeye, aliyekuwa akirudi dukani mvuani
kwa peso kumi za chenji iliyozidi!

Nilicheka mpaka Nolberto akaishika ngazi
kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo, tufunike?"

Kule kwenye kona ya kanisa, funika.
Ubao uliopasuka bila kuoza unavumilia koti,
na pensheni yangu ni ile ile.
Lakini hapa ng'oa yote, hadi penye mti unaonukia.
Kata mpya. Pima, kisha nipe mimi nipime.
3.44.
Uupake rangi mgongoni kwanza, na kwenye ncha zote mbili,
ndipo uupandishe.
Rangi ya mbele ni ya wapita njia.

Jioni nikaenda kwa Barrientos na mayai sita.
Sikueleza. Aliyatazama mayai, akanitazama mimi,
akayatazama tena, kana kwamba mojawapo litasema.

Ule ubao mfupi uko kando ya jiko, unatoka jasho.
Nolberto anasema haufai hata kuni.
Najua.
Acha ukauke kwanza.