Kumi na Mbili, Ishirini

Saa kumi na mbili asubuhi, na saa ya mkononi inasema sita.
Nimezoea. Kila namba niliyokuja nayo Saskatchewan
huigeuza kwanza ndipo niitumie.
Za bunduki hakuna aliyenigeuzia:
kumi na mbili ni nene, ishirini ni nyembamba,
namba ikipanda kasiba inapungua.
Uliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyo.

Tumelala chali kwenye mabua ya ngano, mimi na Verlyn Hrycak,
fundi wa ghala la nafaka, bosi wangu siku za kazi.
Baridi imeingia hadi kwenye meno.
Koti nililovaa ni la binti yake, Darlene,
aliyehamia Regina akaacha mifuko haijakaguliwa:
pipi ya mnanaa, risiti ya petroli,
na chini kabisa, risasi moja ya njano.
Mimi nilimimina zangu nyekundu juu yake.
Gizani, ndani ya glovu, rangi zote ni moja.

Kisha mabata bukini.
Kwanza sauti, kama soko linalohama,
halafu weupe wenyewe, mwingi, chini chini.
Nikaketi. Nikalenga. Nikavuta.

Ta.

Mlio mdogo, wa kufuli la sanduku.

"Usiigeuze," Verlyn akasema. "Mdomo juu. Hesabu thelathini."
Nikahesabu kwa Kiswahili, mbio mbio,
thelathini ikafika kabla ya wakati wake.
Nikaifungua bunduki: tundu tupu.
Nikacheka. Kumbe sikuipakia!
Na mabata yangali juu yetu.
Nikachomoa nyekundu,
ilikuwa imekwisha kugusa chuma
mkono wake ulipoziba tundu.

Ule wa kushoto. Wa vidole vitatu.
Miaka miwili nimeuona ukishika spana, kikombe, usukani,
sikuuliza; nilidhani ni mashine za ghalani.

Akaielekeza kasiba mashariki, akachungulia kutoka nyuma.
Akanipa na mimi nichungulie.
Ingepaswa kuwapo duara ya anga, ndogo kama shilingi.
Palikuwa na usiku.

Akaleta ufito wa mbao kutoka garini.
Akausukuma kupitia mdomoni, taratibu, uso kando,
na ya njano ikarudi nyuma, nzima, safi,
na baruti yake yote tumboni.
Ilikuwa imepita chumba cha risasi, ikakwama mbele
kama tonge kooni,
ikimngoja mwenzake aje na moto.

Hatukupiga kitu siku ile.

Garini, hita ikinguruma, akanisimulia bila kunitazama.
Yake haikuwa hata risasi. Theluji tu.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, aliteleza ukingoni mwa mtaro,
mdomo wa bunduki ukazama, akauinua, akaukung'uta,
akadhani imetoka yote.
Iliyobaki ndani ingejaa kijiko cha chai.
Ungeiweka ulimini ingeyeyuka.
Akavuta, na chuma kikachanua
kama tumba la pamba.
Glovu waliipata mchana. Hakuniambia walipata nini ndani yake.

Kwetu tunasema ajali haina kinga.
Nikamtafsiria, nia yangu kumfariji.
Akalifikiria neno lile hadi tukafika kwenye lami.
"Hii ilikuwa nayo," akasema. "Jicho moja. Sekunde mbili."

Koti la Darlene nilimpelekea kwa basi, Jumatatu.
Kabla ya kulikunja niliipindua mifuko, ndani ikawa nje,
nikaikung'uta juu ya meza,
nikaipapasa, nikaikung'uta tena.

Akaniandikia ujumbe: Na pipi yangu?

Niliila siku ile njiani, meno yakigongana,
nikiihesabu upya, polepole,
ile thelathini yangu.