Hodi ya Chuma

Hatibu, usiniambie ni mawe ya barabarani.
Nimeisikia tangu ulipokata kona ya Makorora:
ngo, ngo, ngo,
chini kabisa, pale mguu wa pistoni unapoikumbatia krenki.
Mtu akibisha hodi mara tatu akakosa jibu, huondoka.
Chuma kikikosa jibu, huingia,
na hakiulizi mlango uko wapi.

Lete sahani. Ile nyeupe, ya mama ntilie.
Nafungua sampo: oili inashuka nyepesi kama chai ya rangi.
Iinamishe juani. Unaona vinavyometameta?
Ni beringi zako,
zimesagwa zikawa poda ya bibi harusi.

Tabo usiitukane.
Konokono yule wa chuma huzunguka mara laki na zaidi kwa dakika
juu ya utando wa oili mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Wajapani walimpa kila kitu, ila subira.
Subira walikuachia wewe.
Nawe ukatoka Segera kwa dakika ngapi? Basi, usinitajie.
Ukafika Chumbageni, wenzako wamejipanga kibarazani,
ukazima papo hapo, ufunguo ukauzungusha kidoleni,
naye ndani angali mwekundu,
oili ikamgandia shingoni kama ukoko wa wali.
Dakika mbili tu, Hatibu,
za kumwacha ahemee.

Najua gari hili ni michungwa.
Marehemu baba yako alinitembeza shambani, kule Muheza,
kabla hamjagawana, kabla hujauza.
Alikuwa akigonga shina kwa mpini wa kisu,
anaweka sikio, ananyamaza,
kisha anasema: huu umeingiwa na mdudu.
Nami sikusikia kitu.
Yule alikuwa fundi, na spana hakuwahi kushika.

Wapo watakaokwambia: tia oili nzito, itanyamaza.
Itanyamaza, ndiyo.
Hata mgonjwa hunyamaza.

Bei usiniulize leo.
Kwanza nishushe injini, nipime krenki, nitazame vichwa,
maana gasketi nazo sina imani nazo,
maji ya rejeta yana utando nisioupenda.

Hapana, usiiwashe.
Hata kidogo. Hata kwa kuisikiliza mara ya mwisho.
Waite hao wa kibarazani waje wasukume,
mpaka huku, chini ya bati.

Sahani iache hapo.
Nitaiosha mwenyewe.