Uko Ukurasa wa Ngapi

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
muda wa saa nne, Kutaisi, orofa ya pili,
mashine inanitoa damu, inaifua, inanirudishia
kama dobi mwaminifu asiyepoteza hata kifungo.
Mkono wa kushoto ni wa sindano.
Wa kulia ni wa kitabu.

Hapa hatuulizani hali.
Hali zetu zimeandikwa ukutani, kilo na gramu.
Tunaulizana: uko ukurasa wa ngapi?

Lamara, aliyekagua tiketi za treni miaka thelathini,
anasoma kitabu cha mapishi.
Amekatazwa chumvi, nyanya, jibini,
hata maji anapimiwa kwa kikombe cha mtoto,
naye anatusomea kwa sauti jinsi ya kukaanga bilingani
na kuipaka jozi zilizotwangwa na kitunguu saumu,
polepole, akimeza mate kwenye kila nukta.
"Kisomeni," anasema, "ila msianzie kwenye supu.
Supu zinaumiza."

Badri alifundisha hesabu. Kwake, kitabu
kisicho na majibu kurasa za nyuma ni porojo.
Nilimwazima riwaya ya mjane na tarishi
akaishika kwa ncha za vidole, kama soksi ya mtu.
Wiki ya pili sasa anasoma gazeti lile lile,
halifungui ukurasa mwingine,
na juzi, nyuma ya gazeti, alipenga kamasi mara tatu.
Sikumuuliza.

Mimi? Nasoma habari za mtu
aliyehesabu ndege wa kisiwa kimoja miaka arobaini.
Simpendekezei yeyote.
Kuna vitabu mtu huvisoma kama anavyojikuna,
peke yake, pale panapomwasha.

Lakini Zaza, kiti cha tatu, dirishani,
Zaza mchomelea vyuma, mdogo kuliko sote,
alikuwa na kitabu alichonunua stesheni kwa kupimiwa kilo,
kinene, hakina jalada,
na kurasa thelathini za mwisho zimenyofolewa.
Alikisifia kwa kila mtu, hadi kwa mfagiaji.
"Kisomeni, kisha kila mtu amalizie mwenyewe."
Tukakisoma kwa zamu.
Lamara akawaozesha wote, hata kasisi.
Badri akamuua hakimu: ndilo jibu pekee, alisema,
na akatuonyesha kazi yake pembeni, kwa penseli.
Mimi niliwaacha mlangoni wakivaa makoti.

Jumatano moja kiti cha tatu kikawa kitupu.
Kiti kitupu hapa kina maana mbili,
na muuguzi Tsiala alibadilisha shuka
bila kutuambia ni ipi.
Kitabu kilikuwa dirishani, tiketi ya basi katikati.
Lamara hakusoma mapishi siku ile.
Badri alikunja gazeti.
Tulizisikia mashine, kitu ambacho huwa hatufanyi.

Ijumaa simu ya Tsiala ikalia, akaiweka sauti juu.
Ni Zaza, kutoka Tbilisi, sauti nyembamba kama karatasi ya sigara.
Dada yake amempa figo.
"Nimekojoa!" akapiga kelele. "Mzia, Lamara, nimekojoa!"
Tukacheka hadi mashine zikaanza kulia,
Tsiala akikimbia huku na huku kuzinyamazisha,
na Badri, uso umeloa, hana gazeti la kujifichia.
Kabla hajakata, Zaza akasema:
"Yule hakimu, jamani, msimuue."

Mgeni njoo mwenyeji apone.
Hapa mwenyeji alitangulia kupona, ndipo mgeni akaja:
Nanuli, kiti cha tatu, koti hajalivua,
anahesabu vigae vya dari.
Viko mia moja na kumi na viwili. Sote tulivihesabu.
Sikumuuliza hali.
Niliomba kitabu kipitishwe, mkono kwa mkono,
mikono ya kulia tu, kikamfikia.
"Hakina mwisho," nilimwambia.
Akakigeuza. Akauliza kama kina picha.
Hakina.
Akakipokea hivyo hivyo.